Mbona kwenye riwaya zetu hakuna anayekula makande?

1. BintiRungwe (mleta mada)

Kamwene wadau.

Jumamosi nilikuwa jikoni hapa Uyole, Mbeya, makande yako kwenye mkaa, mimi kwenye kigoda na riwaya. Nilipofika ukurasa wa 80 wahusika wakatengewa chakula: wali wa nazi, samaki wa kupaka, tambi za sukari. Nikafunga kitabu, nikaenda kusimama mbele ya rafu yangu, ina vitabu 60 na ushee vya Kiswahili, nikajaribu kukumbuka ni kipi kina mtu anayekula makande. Au mbalaga, zile ndizi zetu za kupika. Au ugali wa moto na msusa, majani ya maboga, ulioungwa kwa karanga. Nikakosa. Pilau kwenye ile rafu imepikwa mara nyingi kuliko nilivyoila maishani.

Sina ugomvi na wali wa nazi. Ila mama yangu alipika miaka 40 kwenye mafiga matatu kule Rungwe, mvua inaanza Novemba na Mei bado inadondoka, na harufu ya jiko lile naijua kuliko harufu nyingine yoyote. Sijawahi kuisoma mahali. Inaniuma. Waandishi wa huku hawapo, au wapo hawaandiki, au wanaandika na hawachapishwi?

2. MuuzaMtumba_Mwanjelwa

Mada nzuri. Nauza vitabu vya mtumba Mwanjelwa, mwaka wa 9 sasa, vinapita vingi mikononi mwangu. Kwa maoni yangu sababu ni lugha yenyewe. Mwaka 1928 walipokutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ukichukua lugha ya watu umechukua na vyungu vyao. Tui, chicha, mbuzi ya kukunia, kupaka, yote ya kwao. Mwandishi akitaka kumlisha mhusika wake haraka, anadaka neno lililo karibu.

3. MtotoWaTanga

Karibuni pwani tuwakunie nazi, baridi ya huko itawatoka mifupani. Lakini hoja naiheshimu. Naongeza kitu kimoja: Shaaban Robert ni wetu wa Tanga, na bado alimwandika Utubora anayeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Kwa hiyo shamba limo kwenye vitabu tangu zamani. Labda tatizo ni kwamba linalimwa, halipikwi.

4. Mwalimu_Kihesa

Habari zenu wanangu. Nimefundisha Kiswahili sekondari zaidi ya miaka 30, sasa nimestaafu, niko Iringa.

Namba 2, nadharia yako haisimami yenyewe. Kezilahabi hakuwa mtu wa pwani, ni wa Ukerewe, na *Rosa Mistika* ya 1971 inaanzia Namagondo, kijijini kwao. Kiswahili kilekile cha 1928 kilimtosha kuandika ziwa lake. Kwa hiyo lugha haikumzuia mtu.

Mimi nalaumu orodha ya vitabu vya kiada na ziada. Kwa miaka mingi vijana wa kidato cha 3 na cha 4 wamesoma vilevile: *Takadini*, *Watoto wa Mama Ntilie*, *Joka la Mdimu*. Vitabu vizuri, nimevifundisha kwa moyo wote. Lakini mwandishi anajua kitabu kikiingia kwenye orodha kitanunuliwa, kikikosa kitakufa, basi anaandika akilenga kile ambacho orodha tayari inakipenda.

Na hili linanisikitisha zaidi. Kalenga ni mwendo mfupi tu kutoka hapa mjini. Nimewapeleka wanafunzi mara nyingi kuliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Nikiwauliza nani ameandika tamthiliya juu ya Mkwawa, kimya. Ipo, *Mukwava wa Uhehe*, ya 1979, na aliyeiandika ni Mulokozi, mtu wa Kagera. Mgeni alituona, sisi wenyewe hatujajitazama.

5. KijanaWaKyela

Shikamoo mwalimu. Mi naona ni tuzo. Aliyepata Nobel 2021 ni mtu wa Zanzibar, kaandika kwa Kiswahili habari za pwani. Dunia imeshaonyesha inataka nini, kwa nini mtu aandike mbalaga?

6. Mwalimu_Kihesa

Marahaba. Hapo urekebishe, kijana wangu. Gurnah anaandika kwa Kiingereza. *Paradise* ilitoka 1994 na mwaka huohuo ikafika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Kwa Kiswahili ni *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wameitoa 2022. Kaitafute.

7. Msomaji_Makambako

Mwalimu amenitangulia. Nimeisoma *Peponi* mara mbili na kuna jambo lilinikaa kichwani. Yule kijana Yusuf anatoka nyumbani, baba yake ana hoteli, baadaye anaingia kwenye msafara wa biashara kwenda bara. Kitabu kimenigusa sana. Lakini bara pale ni mahali pa kupita. Na kwenye hadithi nyingi ninazozijua, bara ni mahali pa kupita: msafara, vita, kazi ya mkataba, likizo. Mpita njia hali chakula cha nyumbani kwa mtu, anakula posho aliyobeba. Ndiyo maana majiko yetu hayaonekani. Anayesimulia hajawahi kulala kwetu siku 3.

8. BintiRungwe

Namba 7 umenipa cha kufikiria wiki nzima. Ndaga fijo.

9. KijanaWaKyela

Nashukuru kwa kunirekebisha mwalimu, nitakisaka. Ila dada BintiRungwe, makande yako yanachukua muda gani mpaka ufike ukurasa wa 80? Mama yangu hapa Kyela anainjika saa 4, saa 6 tunakula.

10. BintiRungwe

Saa 6? Mimi nikiinjika saa 4 nashukuru kula saa 8. Sufuria moja ni kurasa 100 za riwaya, za mashairi 40 maana hayataki haraka.

11. Fundi_Iyunga

Hiyo ni mwinuko tu. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Uyole zaidi kidogo. Huku hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, yanaishia kwenye 94 hivi. Kyela iko chini kando ya ziwa, kama mita 500, maji yake yanafika 98. Ukichochea mkaa wa huku kwa fujo maji yataruka tu, joto halipandi. Njombe na Makete ndiyo kabisa. Dawa yake ni sufuria ya presha, inabana mvuke na joto linapita 100.

12. Mama_Mafiati

Mwinuko sawa, lakini maharage yaliyokaa ghalani tangu msimu wa juzi hayaivi hata uyapeleke Dar. Ganda linakuwa gumu kama shanga. Mimi nanunua mapya, nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji. Nikiyainjika, kwa muda wa saa 2 tu yameiva hapahapa Mafiati.

13. Mzee_wa_Mafinga

Magadi, mama. Kidogo tu, cha kuchota kwa ncha ya kijiko. Nyanya tia mwisho, maharage yakishalainika, ukizitanguliza yanagoma. Chumvi pia mwisho.

14. Mama_Mafiati

Shikamoo mzee. Ya nyanya nakubali, nimeyaona mwenyewe. Ya chumvi nakataa, naloweka kwa maji yenye chumvi miaka yote na yanalainika. Magadi siweki, yanaharibu ladha ya mahindi.

15. Mzee_wa_Mafinga

Marahaba. Basi tutakula kila mtu kwake. Lakini kwa kuwa mmetaja chakula, mimi nadai kinywaji. Nani ameandika ulanzi? Mvua zikishika, mwanzi mchanga unakatwa ncha, unafungiwa mbeta, chombo cha kukingia, asubuhi unakuta umejaa. Ukinywa ule wa asubuhi ni mtamu, mtoto anakunywa. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo ndipo wanaume wanaanza kusema ukweli. Riwaya nzima inaweza kukaa katikati ya mbeta la asubuhi na la jioni. Nimesubiri niisome mpaka nimezeeka.

16. Msomaji_Makambako

Mzee, umeshaandika sura ya kwanza hapo.

17. Dada_Sisimba

Niulizeni mimi ninayeangalia tamthilia za televisheni kila jioni na kusoma nikipata nafasi. Zinarekodiwa Dar karibu zote. Meza ya kioo, juisi kwenye bilauri, mkate wa boksi, na hakuna anayemaliza kula kwa sababu lazima mtu asimame kwa hasira. Sijawahi kuona mwigizaji amekandamiza tonge akalichovya. Waandishi vijana wanaangalia hizo hizo, kisha wanaandika hivyohivyo.

Nikumbushe ile ya Wachina, *Doudou na Mama Wakwe Zake*, ITV waliionyesha kwa Kiswahili. Mle watu walikaa mezani na kula kweli, mama mkwe anakosoa mboga, mkwe ananuna. Hapa nyumbani tulikuwa tunasema huyu ni shangazi fulani kabisa.

18. MuuzaMtumba_Mwanjelwa

Ilikuwa TBC dada, si ITV, mwaka 2011. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake.

Na hapo ndipo ninapojiuliza. Tulimpenda mama mkwe wa Kichina bila kujua hata jina la mboga yake. Basi hoja ya kwamba msomaji wa Tanga au Mwanza hatajua mbalaga ni nini, kwa hiyo tusiandike, inatoka wapi?

19. Dada_Sisimba

Kweli, TBC. Shukrani.

20. Mwalimu_Kihesa

Na tusisahau kwamba skrini ikitaka inaweza. *Vuta n'Kuvute* ya Shafi Adam Shafi wanafunzi wangu walikuwa wanaisoma kwa ajili ya mtihani. Mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto, mwaka uliofuata ikapelekwa Oscar kwa jina la Tanzania. Kijana wangu mmoja niliyemfundisha alinipigia simu usiku kuniambia "mwalimu, kile kitabu kimetembea". Nilifurahi kama nimekiandika mimi.

21. Mwandishi_Tunduma

Nimesoma kimya tangu namba 1, sasa niseme langu.

Nina mswada wa riwaya. Nimeuandika miaka 4, usiku, baada ya kufunga duka. Kuna sura ambayo mama na binti yake wanapika kinaka. Kwa wasiokijua: ni viazi vidogo vya porini vinavyochimbwa ardhini, vinakaushwa, vinatwangwa, unga wake unapikwa na unga wa karanga, magadi na pilipili mpaka unashikana, kisha unakatwa vipande kama mkate. Wenzetu wa Zambia wanakiita chikanda. Wakati wanakoroga, binti anamwambia mama yake kwamba hatarudi shule. Ile sura ndiyo moyo wa kitabu, kwa sababu kinaka hakisubiri, ukiacha kukoroga kinaungua, kwa hiyo hakuna anayeweza kuondoka jikoni hata akitaka.

Mchapishaji mmoja alinirudishia. Alisema kitabu ni kizuri ila "tafuta neno la Kiswahili" badala ya kinaka, au nibadilishe wapike maandazi. Nilikaa na maandazi wiki 2. Haikuwezekana. Andazi ukilikaanga unaligeuza basi, mtu ana nafasi ya kutoka nje akalie.

Kwa hiyo BintiRungwe, umeuliza kama hatupo, hatuandiki au hatuchapishwi. Mimi nipo na nimeandika.

22. BintiRungwe

Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Tafadhali usibadilishe neno.

23. Fundi_Iyunga

Usibadilishe. Nakazia.

24. Mama_Mafiati

Usibadilishe mwanangu. Ila kwenye kitabu weka na hili: hivyo viazi ni mizizi ya maua ya okidi, na ukichimba kiazi ua limekwisha. Kule Kitulo walichimba sana kwa ajili ya soko la Zambia, na hiyo ni moja ya sababu eneo likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nimefika Kitulo Februari maua yakiwa yamefunguka, kilima kizima rangi. Wanapaita Bustani ya Mungu. Nilirudi nyumbani nikaacha kununua kinaka. Siwalaumu wanaokula, ni chakula cha wazazi wetu. Naona tu kwamba yule mama jikoni kwenye sura yako anajua jambo hili pia.

25. Mwandishi_Tunduma

Mama, asante sana. Sikulifikiria. Naona hata kwa nini binti amekasirika.

26. KijanaWaKyela

Kwa nini usiupeleke kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere? Si ilianza 2021?

27. Msomaji_Makambako

Zilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023, mwezi wa kuzaliwa kwake Mwalimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo inaisimamia. Mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10, na kizuri zaidi ni kwamba kazi zinazoshinda zinachapishwa na kufika shuleni. Ipo pia ile ya Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ilianzishwa 2014, inapokea miswada ya Afrika. Peleka kote.

28. MuuzaMtumba_Mwanjelwa

Tuzo naziunga mkono, lakini hazitaokoa jiko lolote. Mteja wangu hanunui kitabu kwa sababu kimeshinda. Ananunua kwa sababu mwenzake wa kwenye benchi amekisoma akacheka. Tunahitaji watu 200 wa Mbeya wanaonunua riwaya mpya kwa bei yake, basi wachapishaji watakuja wenyewe mpaka Kabwe kuuliza kinaka kinaandikwaje.

29. Mwalimu_Kihesa

Na kitabu kikifika shuleni si ndiyo hao 200, mara 100? Namba 28, hapo unanirudisha kwenye orodha yangu.

30. MuuzaMtumba_Mwanjelwa

Mwalimu, wa shule wanasoma kwa ajili ya mtihani, wakimaliza wananiuzia mimi. Rafu yangu imejaa vya kwao, vina majibu kwa penseli pembeni.

31. Mwalimu_Kihesa

Na kuna anayevinunua tena. Huyo ndiye ninayemfundishia.

32. Bi_Mwera

Assalaam alaykum, nawasoma kutoka Unguja. Niruhusuni niseme la huku, maana mmetusema sana kwa wema.

Pilau si chakula chetu cha kila siku. Pilau ni harusi, ni hitima, ni Idi. Nyumbani kwangu juzi tulikula muhogo wa nazi na dagaa, jana boga, leo samaki wa chukuchuku kwa ugali. Nami nikisoma riwaya za kwetu siioni meza yangu. Naona karamu. Naona chakula cha siku wageni walipokuja. Kwa hiyo mwanangu wa Rungwe, mimi sidhani mwandishi amekuacha wewe akanichukua mimi. Ameandika siku kubwa akaziacha siku zote nyingine. Makande yako na boga langu yamefungiwa nje pamoja.

33. BintiRungwe

Shikamoo Bi Mwera. Sikujua. Nilikuwa naamini kila mlango wa Unguja unanukia iliki.

34. Bi_Mwera

Marahaba. Ijumaa, ndiyo.

35. MtotoWaTanga

Bi Mwera kamaliza, na huku kwetu ni bada, ugali wa muhogo, na mboga ya kuchemsha, nakiri.

36. Msomaji_Makambako

Sikubali moja kwa moja. Siku kubwa za huku nazo hazimo. Ng'ombe wa msiba kule Rungwe, ndizi zinamenywa na wanawake 30 usiku kucha, hiyo ni karamu na haijaandikwa. Kwa hiyo nadharia ya karamu inaeleza nusu yake tu.

37. BintiRungwe

Jana usiku nilishindwa kulala, nikaandika. Sijawahi kuandika hadithi. Naweka mistari michache, mseme ukweli:

"Bibi aliupuliza moto mara tatu, ya nne akaacha, akasema kuni za leo zimelala na mvua. Makande yalitulia sufuriani kama watu wanaosubiri basi la Tukuyu. Nilitaka kumwambia kwamba barua imefika, lakini alikuwa ameshika mwiko, na bibi akishika mwiko husikiliza sufuria tu."

38. Mwandishi_Tunduma

Endelea. Barua ya nani?

39. Dada_Sisimba

Nimemwona bibi. Ila moshi uko wapi? Kuni mbichi na mvua, hapo macho yote yanatoka machozi. Barua inaweza kujificha kwenye moshi.

40. Mama_Mafiati

Mahindi mazima au ya kukoboa? Kama ni mazima bibi ameanza alfajiri, na barua imefika saa ngapi?

41. BintiRungwe

Ya kukoboa, ametwanga mwenyewe. Moshi nautia. Barua ni ya mjomba, yuko migodini.

42. Mzee_wa_Mafinga

Mjukuu wangu, bibi wa miaka hiyo hapiki makande kwenye sufuria. Tia chungu.

43. BintiRungwe

Ni kweli, babu. Alikuwa na chungu, cheusi, mdomo mpana. Kilipasuka mwaka aliofariki. Nimekaa miaka yote hii na sufuria nikakisahau.

44. KijanaWaKyela

Mdomo mpana ni vya Wakisi hivyo, vinafinyangwa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi mpaka soko la Lyulilo, hapo Matema. Bado wanafinyanga. Wiki ijayo napita huko, nikutafutie kimoja nikiweke kwenye basi la Mbeya? Sema cha watu wangapi.

45. BintiRungwe

Cha watu 8. Na kisiwe na nakshi nyingi, chake kilikuwa na mstari mmoja tu shingoni.